Mwewe Wangu wa Bati na Uwele wa Mama Mkwe

Mimi ndiye yule wa mwewe. Msijifanye hamjaiona ile video, maana hata binamu yangu aliyeko Mtwara alinitumia akiniuliza, "Rehema, huyu mwanamke anayekimbia na mlingoti begani si wewe kweli?" (ndiyo ni mimi, na ile khanga iliyobaki kwenye miiba ni yangu pia). Nimekaa kimya muda mrefu nikidhani watu watasahau, wapi, hapa Bahi nikipita stendi vijana wa bodaboda wananipigia honi halafu wanapunga mikono juu chini kama mabawa, na wengine hata jina langu hawalijui, kwao mimi ni Mama Mwewe basi. Sasa bora nisimulie mwenyewe, kwa sababu kwenye video mnaona kichekesho tu, na kilichoniuma hakimo.

Mimi ni mtoto wa Kizota, mjini. Baba yangu ana karakana ya kuchomelea, nimekulia kwenye cheche na kelele za grenda, na mageti nilianza kuchomelea kabla sijajua kusonga ugali ukaeleweka. Nikaolewa na Yona, dereva wa bodaboda, akanileta kwao, kijiji kimoja huku Bahi, tukakaa na mama yake. Mama Yona ni mjane, mfupi, ana sauti ya kumwita ng'ombe aliye upande wa pili wa mbuga akaitika, na tofauti na wale mama wakwe mnaowasikia kwenye vibaraza, huyu alinipenda. Naomba mlishike hilo, alinipenda, maana mkisikia yaliyotokea mtadhani tulikuwa tunawindana.

Kilichonishinda kule ni ndege. Mtu wa mjini akisikia habari ya kuamia ndege anadhani ni mchezo wa watoto, haya, nenda kajaribu. Uwele ukianza kutoa punje laini zenye maziwa, kwelea kwelea wanakuja makundi kwa makundi, mmoja mmoja hajazi hata kiganja, lakini wakitua wote shambani, muda wa mtu kunywa chai tu, wanakuachia masuke matupu. Kwa hiyo jua likichomoza linatakiwa likukute juu ya dungu, yaani kichanja cha miti kirefu kuliko mtu, umepanda na debe lako na fimbo na kombeo, unapiga kelele mpaka jioni. Mashamba yetu yamejipanga mstari mmoja kutoka korongoni mpaka barabarani, kila shamba na dungu lake, na wa korongoni akianza kupiga debe anadakia jirani yake, naye anadakia wa pili, kelele inatembea mpaka inafika barabarani, ndege wanakosa pa kutua wanaishia kurudi zao porini kwenye migunga. Ndivyo walivyofanya siku zote, hakuna aliyewafundisha kwenye semina. Mimi msimu wangu wa kwanza sauti ilinikauka, mgongo ukababuka kwa jua, na kila jioni Mama Yona ananicheka, "Mkwe wangu, ndege wa Bahi hawaelewi kelele za Kizota," halafu huyo huyo ananichemshia maji ya kuoga.

Basi nikiwa juu ya dungu, nimechoka, nina hasira na ndege na jua na Yona aliyenileta, nikaanza kuwaza hivi sisi watu wazima na akili zetu tunapiga debe kutwa nzima, kazi ambayo chuma kingeweza kuifanya? Nikaenda Kizota kwa baba. Tulichukua mabati chakavu tukakata mabawa, tukafunga mota ya waipa ya lori bovu ili yapige juu chini, tukaweka betri ya pikipiki na sola ndogo, na chini tukafunga honi ya basi la mkoani, zile zinazopiga wimbo mtu akasikia toka kijiji cha tatu. Tukampaka rangi nyeusi na macho mekundu. Baba alipomaliza alirudi nyuma akamwangalia, akasema, "Huyu hata mimi namwogopa." Yona alimfunga kwenye pikipiki akaja naye mpaka Bahi, watu wanasimama njiani wanashangaa.

Tukamsimika katikati ya shamba letu juu ya mlingoti. Jamani, alifanya kazi! Ndege wakija, nabonyeza swichi, mabawa hayo, honi hiyo, ndege wanainuka wote wanapotelea porini. Asubuhi ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, mimi nimekaa chini ya dungu nachambua mlenda kama mke wa waziri. Hakuna aliyejiuliza kwa nini wanakwenda porini moja kwa moja, na mimi fundi mzima ndiye niliyepaswa kujiuliza kabla ya wote, kwamba kulia kwangu jirani yetu Mzee Ndahani alikuwa juu ya dungu lake anapiga debe, na kushoto kwangu vilevile, mstari mzima upo kazini kama kawaida. Mwewe alikuwa anasaidiwa na kijiji kizima na sifa nazichukua mimi.

Na hizo sifa alizitangaza Mama Yona. Kanisani, kisimani, mashine ya kusaga, kila mahali, "Mmesikia? Mkwe wangu ametengeneza mwewe wa bati. Mlinicheka nilipoleta mtoto wa mjini, haya, chekeni sasa." Mwaka ule alikuwa na haki ya kutamba kidogo, kwa sababu mvua za kwanza watu waliziogopa yeye akapanda, na uwele wake ukatangulia wa wote, masuke marefu yamejaa mpaka mashina yanainama. Mwaka uliopita jua lilituchoma, kihenge chetu cha nafaka tulikuwa tumebaki kukikung'uta tu, kwa hiyo uwele ule ndio ulikuwa ugali wetu na mbegu yetu na kila kitu chetu. Tena kule nyuma ya nyumba kuna kihenge kingine kidogo, kipya, alikisuka mwenyewe, akaniambia siku moja tunakoka moto, "Tukivuna huu, kile ni chako." Kwa asiyejua, mwanamke mwenye kihenge chake kwenye boma lile si mgeni tena, anapika anachotaka na hakuna wa kumuuliza. Nilijifanya nimepaliwa na moshi kumbe ni machozi.

Habari zikamfikia diwani. Akapiga simu kwamba atakuja na bwana shamba na wageni wengine waone ubunifu wa mama huyu, na akasema atakuja asubuhi kabisa ili awakute ndege wakiwepo. Kijiji kikachangamka, turubai likatafutwa, viti vikaazimwa kanisani, jogoo wa watu wakaanza kupungua. Sasa sikilizeni hapa, hapa ndipo nilipojichimbia kaburi. Shamba letu liko ndani, njia ya kufika ni tope, na mimi nikawaza diwani atakuja na viatu vyake vizuri, ataingiaje kule? Shamba la Mzee Ndahani ndilo la mwisho, liko barabarani, gari linafika mpaka kwenye turubai. Nikaona si jambo kubwa, tumhamishe mwewe kwa Ndahani kwa asubuhi ile moja.

Yona akaniuliza, "Na kwetu je?"

"Wageni wakiondoka tunamrudisha," nikamjibu. "Kwani watakaa mwaka?"

Mzee Ndahani mwenyewe (mzee mkali, mtani wa kila mtu, akikusalimia lazima akutukane kidogo) alikubali kwa furaha maana naye alitaka kuonekana na diwani. Mama Yona ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba jioni ile akiwaambia watu wote waje, wasibaki kwenye madungu, waje waone kazi ya mkwe wake. Watu wazima wote wale, waliozaliwa wakiamia ndege, wakakubali. Hata mtoto wa chekechea wa kule anajua ndege ukimfukuza hapa anatua pale, lakini diwani anakuja na kuna pilau, akili zetu zote zikaingia kwenye sufuria.

Asubuhi ikafika. Watu wamejaa, Mama Yona kavaa kitenge kipya na kilemba, kawekwa kiti cha mbele kabisa pembeni ya kiti cha bwana shamba, anatabasamu mpaka meno ya nyuma unayaona. Diwani akashuka, akasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", watu wakaitika "Mbukwaaa!", vigelegele, mimi nimesimama pembeni ya mwewe na khanga yangu mpya. Wamekaa wote wananitazama mimi, na mashamba yote mengine yako nyuma ya migongo yao. Mstari mzima kimya. Sijawahi kukisikia kimya namna ile asubuhi, na mimi mjinga nikakifurahia, nikasema moyoni leo nitasikika vizuri.

Ndege wakaja, wakatua kwa Ndahani. Nikabonyeza. Mwewe akapiga mabawa, honi ikaimba wimbo wake, lile wingu likainuka lote kwa pamoja, na watu wakalipuka kwa shangwe. Mama Yona akarusha kigelegele kirefu, akainuka kwenye kiti akaanza kucheza, mabega yanakwenda, kilemba kinalegea. Diwani akanishika mkono akauinua juu kama nimeshinda ngumi, akaanza kuhutubia kwa kupaza sauti juu ya honi.

"Ndugu zangu, nani alisema mwanamke hawezi? Nani alisema kijijini hakuna ubunifu?"

Mimi ndiye peke yangu niliyekuwa nimetazama upande wa mashambani. Nikaliona lile wingu linakata kona. Halikwenda porini. Lilizunguka mara moja, likashuka, na lilikotua ni kwetu, kwenye uwele wa Mama Yona, uliotangulia kukomaa kuliko wote.

Nikanyamaza. Hapa ndipo video inapodanganya, kwa sababu kwenye video mnaona natabasamu mnadhani sijui. Nilijua. Niliona masuke yetu yanainama kwa uzito wa ndege, na mkono wangu umeshikwa na diwani, na watu wananitazama, na nikasema ngoja amalize sentensi hii, halafu ngoja amalize na hii, si adabu kumkatiza mkubwa, labda ndege watainuka wenyewe. Mama Yona anacheza mbele yangu kawapa mgongo. Diwani akaingia habari za barabara na zahanati, na mimi bado natabasamu, taya zinaniuma.

Aliyegeuka ni Mzee Ndahani. "Wee! Mama Yona! Shamba lako!" Hakuna aliyesikia, honi ile si ya mchezo. Nikambonyeza mwewe azime, swichi ikagoma (imeyeyuka, baba alikuwa ameniambia nisiiwashe muda mrefu, nilimsahau), honi inaimba tu. Mama Yona akageuka mwisho. Sikusikia ukelele alioupiga, niliuona mdomo tu, akavua viatu akaanza kukimbia na kitenge chake kwenye tope, na watu wote nyuma yake, kila mmoja kakumbuka shamba lake.

Mtu mwenye akili angekimbia na debe. Mimi nikang'oa mwewe. Nikamweka begani na mlingoti wake, mabawa yanapiga, honi inaniimbia sikioni, nikakimbilia kwetu, khanga ikanasa kwenye uzio wa miiba nikaiacha nikabaki na gauni, Yona nyuma kashika betri isije ikakatika waya. Tulipofika ndege wakainuka. Mnadhani walikwenda wapi? Kwa Ndahani, nilikotoka! Ndahani akaja mbio na fimbo, "Lete hapa huyo shetani wako, mbona umemwondoa?" akashika bawa moja. Mama Yona akashika mlingoti, "Haondoki! Haondoki hapa!" Sasa fikirieni, watu wazima watatu kwenye tope tunamvuta mwewe wa bati anayeimba honi, huyu huku huyu kule, bawa likakatika likamwangusha Ndahani chali, mlingoti ukatuangukia sisi, na kijana mmoja kasimama kwenye tuta anarekodi anacheka mpaka simu inatetemeka. Ndiyo ile mliyoiona.

Honi ilikuja kunyamaza Yona alipong'oa waya. Wenzetu walikuwa wamefika kwenye madungu yao, madebe yakaanza kusikika moja moja, ndege wakasukumwa mpaka porini. Ndahani aliliwa pembezoni tu. Wengine ndege hawakuwagusa, uwele wao ulikuwa bado. Kwetu sisi niliingia katikati ya shamba nikashika suke moja baada ya jingine, yote mepesi. Waliyobakiza ni yale yaliyolala chini.

Diwani alifungua kioo cha gari akasema ubunifu ni mzuri, uendelee kuboreshwa, akaenda zake viatu vyake havina hata tone la tope. Pilau ililiwa. Naam, ililiwa yote, nilisikia mtu anauliza kama kuna ukoko. Nilikuwa nimekaa nyuma ya jiko na gauni lenye tope nikawachukia wote, kila mmoja na sahani yake, nikamchukia diwani na zahanati zake, lakini chuki ikizunguka weee inarudi palepale, kwamba wao walikuwa wameyapa mashamba mgongo na mwenye macho nilikuwa mimi.

Mama Yona hakunigombeza. Bora angenigombeza, angeniita mchawi wa Kizota, tungelia yakaisha. Alivua kile kitenge akakifua, akakianika, akasonga ugali, akanipakulia kama siku zote.

Asubuhi iliyofuata nikaamshwa na debe. Nikadhani naota, tunaamia nini sisi? Nikatoka nikaenda shambani, nikamkuta yuko juu ya dungu, kajifunga shuka kwa baridi, anapiga debe na kuita kwa ile sauti yake juu ya shamba lisilo na kitu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, shuka. Hakuna kilichobaki."

"Najua hakuna."

"Sasa unaamia nini?"

Akaninyooshea fimbo upande wa Ndahani, halafu upande wa pili. "Wenzetu bado wana chakula. Nikinyamaza mimi, ndege watapitia hapa." Akapiga debe tena, akasubiri mpaka Ndahani akadakia kule barabarani. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Jana, ulikuwa umetazama huku. Uliwaona wakitua?"

Ningeweza kudanganya. "Niliwaona."

"Mapema?"

"Mapema, mama."

Aliendelea kupiga debe, na dungu lile linakaa watu wawili lakini hakusogea. Nikaokota kopo nikasimama chini, nikapiga na mimi, nikapaza sauti mpaka ikakauka, na hivyo ndivyo tulivyomaliza msimu, yeye juu mimi chini, kila asubuhi, tukilinda uwele wa watu. Walipovuna kila jirani alimletea ungo wa uwele (Ndahani alileta ungo mkubwa kuliko wote, akamtukana kidogo, akaondoka), akapokea, akashukuru, akamimina kwenye kihenge chake.

Mwewe nimemrudisha Kizota, baba kamgeuza paa la banda la kuku, mabawa yake yanazuia mvua vizuri sana. Na mimi nimeapa, wallahi, nikiona ndege wanatua nitapiga kelele hata kama mkono wangu umeshikwa na nani, hata kama anahutubia nani, acha waniite mshamba asiye na adabu, kuitwa majina nimeshazoea. Kwa Mama Yona bado tunaishi vizuri, tunasalimiana, tunacheka ya watu. Ila kile kihenge kidogo nyuma ya nyumba kuku wameanza kutagia humo, na si yeye wala mimi aliyewafukuza.